Chuma hakitaizamisha Dévastation yako. Ya kuogopa ni matundu

"Shikamoo mwalimu. Niko Mwanza, natengeneza mfano wa Dévastation, ile manowari ya Wafaransa ya vita vya Crimea, kwa kipimo cha 1 kwa 50. Nataka ielee kwelikweli, si ya kuweka kabatini. Mchoro wangu, wenye matundu 16 ya mizinga, nimeuambatanisha. Tumbo ni plaiwudi ya milimita 4, na nimekata ukanda wa pleni shiti ya milimita 2, kimo sentimita 8, wa kuuzungusha wote. Wenzangu wananicheka: wanasema chuma chote hicho kitaipindua au kitaizamisha, na kwamba hata zile za kweli zilichomwa moto Gibraltar. Mimi nimesoma kuwa matufe ya mizinga yalikuwa yanadunda tu. Sasa kama zilikuwa imara hivyo, kwa nini hazikudumu? Halafu nafikiria kuiwekea boila ndogo kwa kutumia mtungi mtupu wa gesi. Nishauri kabla sijaanza kugonga misumari."

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugonga misumari, kwa sababu kuna jambo la kubadilisha, ila si lile wanalokusema wenzako. Hofu yao ni uzito wa chuma kilichokaa juu. Kwa chombo hiki hofu hiyo haina msingi, na hesabu nitakuonyesha. Hatari ya kweli iko kwenye yale matundu 16 ya mizinga uliyoyachora, na kwenye sakafu pana iliyo wazi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

Kwanza tuimalize habari ya Gibraltar. Wenzako wamechanganya vyombo viwili vilivyopishana miaka zaidi ya 70. Ngome za kuelea zilizoungua Gibraltar ni za Septemba 1782. Alizibuni mhandisi Mfaransa, d'Arçon, zikiwa meli 10 zilizoongezwa mbao nene na kuwekewa mabomba ya kumwagia maji kwenye mbao hizo. Waingereza wakazipiga kwa matufe yaliyopashwa moto mpaka kuwa mekundu. Tufe la namna hiyo likizama kwenye mbao linakaa humo likifukuta kwa saa kadhaa, na moto unatokea mahali ambapo ndoo ya maji haifiki. Zote zikateketea. Bamba la chuma halikuwepo. Dévastation na dada zake wanne, yaani Lave, Tonnante, Congrève na Foudroyante, zilijengwa mwaka 1854 hadi 1855, na zilifunikwa chuma kwa sababu ya somo la namna hiyo hasa. (Nazo ziliitwa ngome za kuelea, kwa Kifaransa "batterie flottante". Kwa vijana watakaouliza: "betri" hapo si betri ya gari, ni safu ya mizinga.)

Chanzo chake kilikuwa Sinop, bandari ya Waosmani (Waturuki) kwenye Bahari Nyeusi. Tarehe 30 Novemba 1853 kikosi cha Warusi chini ya Nakhimov kiliangamiza meli za Waosmani zilizotia nanga humo, kwa mizinga ya kurusha makombora yanayolipuka. Mizinga hiyo aliianzisha Mfaransa Paixhans miaka ya 1820. Tufe la kawaida hutoboa mbao likaacha tundu ambalo seremala wa meli analiziba kwa kigingi na kitambaa. Kombora huingia kwenye mbao, linalipuka humohumo, linang'oa mbao na mataruma (mbavu za meli) pamoja, kisha linawasha moto. Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa iliyoingia vitani dhidi ya Warusi, akataka chombo kinachoweza kusogea karibu na ngome ya pwani bila kupasuliwa. Wazo lake la mwanzo lilikuwa masanduku ya chuma yaliyojazwa matufe. Majaribio ya kupiga mizinga pale Vincennes, karibu na Paris, yakaonyesha kuwa bamba zito lisilo na uwazi ndani linafaa zaidi. Mhandisi Guieysse akachora chombo cha urefu wa mita 53 hivi, upana mita 13 na kidogo, kinachohitaji kina cha maji cha mita 2.8 tu, na uzito wa tani 1,600 kwa makadirio. Ubavuni kilikuwa na chuma cha milimita 110 kilichopigiliwa juu ya mwaloni mnene. Mizinga mikubwa ilikuwa 16, ya kurusha tufe la ratili 50.

Je, matufe yalidunda? Nusu ya kweli. Bamba lilikuwa la chuma kilichofuliwa, ambacho ni laini kiasi: kinabonyea kabla ya kupasuka. Tufe lilikuwa la chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini kinavunjika kama chungu. Vikikutana, bamba linaingia ndani kidogo na tufe linapasuka vipande. Kombora nalo linavunjika kabla baruti yake haijafanya kazi, au linalipukia nje. Mwaloni wa nyuma una kazi yake. Bamba likiegemea mahali pagumu kabisa, mshtuko wote unakwenda kwenye bolti na vichwa vyake vinakatika. Likiegemea mbao nene, mbao inanywa sehemu ya pigo na kulisambaza kwenye mataruma. Ndiyo maana huwezi kusema "milimita 110" ukaishia hapo. Deraya, yaani ngao ya chombo, ni chuma pamoja na mbao, na mbao ilikuwa nene kuliko chuma.

Jaribio lenyewe lilikuwa Kinburn, ngome ya Warusi mdomoni mwa mto Dnieper, tarehe 17 Oktoba 1855. Mwaka mmoja kamili kabla yake, 17 Oktoba 1854, meli za mbao za Waingereza na Wafaransa zilikuwa zimeumizwa vibaya zilipoipiga Sevastopol, bandari ya Warusi, kutoka baharini. Safari hii Dévastation, Lave na Tonnante zilitia nanga umbali wa takriban mita 900 hadi 1,100 kutoka ngomeni, zikapiga kwa muda wa saa nne hivi na kurusha matufe na makombora zaidi ya 3,000. Dévastation peke yake iligongwa zaidi ya mara 60. Bamba likapata mabonyeo ya sentimita chache, basi. Waliokufa kwenye ngome zote tatu za kuelea ni wawili, na majeruhi hawakufika 30. Sasa angalia waliumizwa vipi: hakuna tufe lililopenya bamba. Yaliyoua yaliingia kwenye matundu ya mizinga na kwenye uwazi wa sitaha. Liweke akilini hilo, maana mfano wako nao utaumizwa kwa njia hiyohiyo, ila kwa maji.

Tusizipe sifa kupita kiasi, hata hivyo. Siku ile hazikuwa peke yake. Kikosi kizima cha maadmirali Bruat (Mfaransa) na Lyons (Mwingereza), chenye meli kubwa za mbao, kilipiga pamoja nazo, na ngome haikuwa na mizinga mizito ya kutosha. Mwenye kusema zile tatu ndizo zilizoiteka Kinburn anatia chumvi. Kilichothibitika ni kwamba chombo kinaweza kukaa saa nne mbele ya ngome kikabaki mzima. Hilo tu lilitosha kubadilisha ujenzi wa manowari.

Kwa nini hazikudumu? Kwa sababu hazikuwa meli kamili. Injini zake za mvuke wa shinikizo kubwa kutoka kiwanda cha Schneider cha Le Creusot ziliipa kama maili 4 za baharini kwa saa, na hiyo ni bahari ikiwa shwari. Matanga yalikuwepo ya kusaidia safarini tu, maana omo (mbele ya chombo) butu na tumbo bapa havishiki upepo: chombo kinakwenda kando badala ya kwenda mbele. Kutoka Ufaransa hadi Bahari Nyeusi zilivutwa na meli nyingine. Ukitaka kina kifupi cha maji, deraya nzito na mizinga 16 katika tani 1,600, lazima kitu kitolewe kafara, na hapa kilitolewa mwendo na uwezo wa kuhimili bahari. Novemba 1859 mhandisi Mfaransa Dupuy de Lôme akaiteremsha majini manowari Gloire, yenye deraya ya unene wa karibu uleule lakini ikikimbia maili 12 hadi 13 kwa saa. Tangu hapo ngome ya kuelea ya kuvutwa kwa kamba ilibaki ya kulinda bandari. Ufaransa ilijenga nyingine miaka ya 1860, Palestro na wenzake, Arrogante na wenzake, Embuscade na wenzake, zote kwa kazi za pwani. Arrogante ilizama Machi 1879 karibu na Hyères, kusini mwa Ufaransa, na mabaharia zaidi ya 40 wakafa nayo. Haikuzamishwa na mzinga, ilizamishwa na dhoruba.

Haya, tuje kwenye meza yako ya ufundi. Kwa kipimo cha 1 kwa 50 urefu unagawanywa kwa 50, lakini uzito unagawanywa kwa 50 mara tatu, yaani 125,000. Kwa hiyo mfano wako una urefu wa sentimita 106, upana karibu 26.6, unazama sentimita 5.6, na kwenye maji ya chumvi uzito wake uliokamilika ni kilo 12.8. Ziwani maji ni mepesi kidogo, hivyo ili ukae kwenye mstari huohuo unahitaji kilo 12 na nusu. Ukiuacha na kilo 12.8 utazama zaidi kwa milimita moja na nusu hivi. Si kitu cha kukunyima usingizi, ila chora mstari wa maji baada ya kujua utaelea wapi.

Ukanda wako: mzunguko wa tumbo ni mita 2.35 hivi, kimo sentimita 8, unene milimita 2. Hiyo ni karibu kilo 3 za chuma. Deraya ya milimita 110 ikigawanywa kwa 50 inatoa milimita 2.2, kwa hiyo umekaribia kabisa uwiano wa kweli. Tumbo la plaiwudi na sitaha tuseme kilo 3, mizinga 16 ya shaba kilo moja na nusu, mota na betri (sasa hii ni ya kweli) kilo moja na nusu. Jumla kilo 9. Unaona? Chombo chako hakitazama kwa uzito, kitaelea juu mno. Bado unadaiwa kilo 3 na nusu, nazo ziwe farumi, uzito wa kutulizia chombo: vipande vya madini ya risasi vilivyogandishwa sakafuni kwa gundi ya epoksi, nusu mbele na nusu nyuma, vyote karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo).

Na kupinduka? Chombo kipana na kifupi kwenda chini kina ukaidi wa ajabu. Kinapoinama kidogo, ule upande ulioshuka unasukumwa juu na maji mengi kwa sababu upana ni mkubwa. Kwa vipimo vyako, uzito wote ungeweza kukaa hadi karibu sentimita 13 juu ya sakafu ndipo chombo kianze kukosa hamu ya kurudi, na tumbo lako lote halina kimo hicho. Chuma ubavuni, katikati ya kimo, hakiwezi kukupindua. Waambie wenzako.

Lakini mchoro wako unaweka ukingo wa chini wa matundu ya mizinga sentimita 1.8 tu juu ya maji, na nusu ya upana ni sentimita 13.3. Chombo kikiinama digrii 8, matundu ya upande mmoja yanaanza kunywa. Wimbi la sentimita 10, ambalo ziwani hata mtoto halimshtui, kwa kipimo chako ni wimbi la mita 5. Halafu inakuja sehemu ambayo mafundi wengi hawaitarajii. Maji yakishafunika sakafu iliyo wazi yenye upana wa sentimita 25 na urefu wa 90, yanakimbilia upande ulioinama na kuuelemea zaidi. Uhuru huo wa maji kucheza unakula sawa na sentimita 9 za ule ukaidi niliousifu, na wewe baada ya kufunga kila kitu utakuwa na 5 au 6 hivi, yaani zile 13 ukitoa kimo unapokaa uzito wako. Yaani maji ya vikombe viwili vitatu ndani ya chombo kilicho imara kabisa yanatosha kukiinamisha hadi matundu yakaribie kunywa, na mwishowe kilale ubavu. Wenzako wakikiona kimelala watalaumu chuma.

Dawa yake ni mbao mbili za kusimama, za kutoka omo hadi tezi (nyuma), zinazoigawa sakafu vichochoro vitatu, zikigandishwa na kuzibwa kwa rezini pande zote. Ukigawa upana kwa tatu, madhara ya maji yanagawanyika kwa tisa: sentimita 9 zinakuwa moja. Kisha nyuma ya matundu jenga kisanduku kimoja kirefu kilichozibwa, mizinga iwe vipande vifupi vilivyogandishwa kwenye ukuta wa kisanduku, usiache tundu lolote likiingia tumboni. Anayetazama kutoka nje hatajua. Bomba la rafadha (panga linalosukuma chombo) lijaze grisi, maana huko ndiko maji huingia kimyakimya.

Kabla ya kufunga chuma, liweke tumbo tupu kwenye beseni kubwa au karai la fundi mwashi. Pakia mifuko midogo ya mchanga mpaka lifike kwenye mstari, ukitoa ya mbele na kuongeza ya nyuma hadi lilale sawa, kisha pima mchanga wote kwenye mizani. Hiyo ndiyo bajeti yako halisi ya uzito, na ni ya kuaminika kuliko hesabu zangu, kwa sababu tumbo la mkono halifanani kamwe na mchoro. Ukimaliza kufunga kila kitu, rudi kwenye beseni. Ning'iniza timazi ya uzi wa sentimita 30 ndani, chukua uzito wa gramu 200, usogeze sentimita 10 kutoka katikati kwenda ubavuni. Timazi ikihama karibu sentimita 1, uko salama. Ikihama zaidi ya 2, farumi iko juu mno au kuna maji ndani.

Kuhusu chuma chenyewe una uchaguzi. Pleni shiti ya milimita 2 ina uzito na sura ya kweli, lakini kuikunja pale omo bila moto ni kazi, na ukilazimisha itang'oa plaiwudi. Usizungushe ukanda mmoja. Kata vipande vipande, kwani ndivyo deraya ilivyokuwa, na mistari ya maungio ndiyo inayoupa mfano sura. Paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili kabla ya kugandisha, hasa upande wa ndani, na usichanganye skrubu za shaba na chuma kwenye maji, maana chuma kitaliwa kuizunguka kila skrubu. Alumini ya unene uleule ina uzito wa kilo moja tu na inakunjika vizuri. Kilo mbili unazookoa unazishusha kuwa farumi. Kama ni wa kuelea kila Jumapili, mimi ningechukua alumini. Kama ni wa kuelea mara mbili kwa mwaka na kuonyeshwa, chukua chuma.

Usiuwekee mota ya nguvu. Mwendo wa Dévastation kwa kipimo chako ni sentimita 30 kwa sekunde, kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukizidisha, omo itajizika majini. Usukani wa kipimo halisi hautashika vizuri kwa tumbo bapa, hivyo ongeza pezi la plastiki angavu chini ya mkuku, la kutoa ukifika nyumbani.

Na ule mtungi wa gesi, achana nao kabisa. Mtungi haukutengenezwa kupashwa moto, na hujui unene wake umebaki kiasi gani ndani. Mvuke ukipasua chombo, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja, na vipande vya chuma vinamfuata aliyesimama karibu. Kama moyo wako uko kwenye mvuke, boila iwe ya shaba nyekundu iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha, si ya risasi ambayo inalainika kwa joto, iwe na vali ya usalama, na ijaribiwe kwa maji baridi hadi mara mbili ya shinikizo la kazi kabla ya moto wowote. Kazi hiyo usiifanye kwa maelezo ya maandishi, hata yangu. Ipeleke kwa fundi wa boila, kwenye chuo cha ufundi au karakana ya meli hapo Mwanza, aishike mkononi na aijaribu mbele yako. La sivyo, tumia mota na betri; moshi wa bomba utauigiza kwa kifaa kidogo cha kuchoma mafuta.

Kama baadaye utataka mpangilio halisi wa mabamba na milingoti, kumbukumbu za jeshi la majini la Ufaransa zipo Service historique de la Défense, katika kasri la Vincennes, hukohuko Vincennes ambako mabamba yalipigwa mizinga. Waandikie kwa Kifaransa, taja jina la meli na mwaka 1854. Kwa sasa kaanze na zile mbao mbili za kugawa sakafu, kwani sitaha ikishafungwa hutazifikia tena.